Kabla hujampa msee wa muvi flashi yako

NI Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na katika mtaa wetu hapa Eastlands foleni ziko mahali pawili tu: kwa mama wa chapati na kwa msee wa muvi.

Duka la msee huyu lina upana wa meza moja. Ndani kuna kompyuta kuukuu, hard disk tatu zilizopangwa kama matofali, spika inayonguruma sauti ya DJ Afro, na kipande cha katoni kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: muvi mbao, episodi Sh10, sizoni nzima "tuongee". Kila aliye kwenye foleni ameshika flashi. Wengine wametumwa na wazazi, wengine wametoka kazini na bado wana vumbi la mjengo kwenye viatu.

Tulikuwa tumeambiwa duka hili lingekuwa limezikwa kitambo. Netflix ilipoingia Kenya Januari 2016, wengi tuliamini kuwa siku za kuwekewa muvi kwa flashi zinahesabika. Kisha Septemba 2021 kampuni hiyo ikaleta mpango wa bure kwa wenye simu za Android, yaani unatazama sehemu ya muvi zake bila kulipa hata ndururu. Raha hiyo ilidumu miaka miwili hivi, Novemba 2023 mpango ukaondolewa. Msee wa muvi yuko palepale.

Mbona? Ukimuuliza atakwambia watu wanampenda. Mimi naona ni hesabu tu.

Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya kutazama kwa picha ya kawaida hula hadi GB 1, na kwa picha safi ya HD hadi GB 3. Chukua siriz ya episodi kumi za saa moja moja. Hapo unazungumzia GB 10, na ukitaka picha safi zinaweza kufika 30. Weka bei ya bando unayonunua wewe, ujumlishe na ada ya mwezi, halafu ulinganishe na soo moja ambayo msee atakutoza baada ya "kuongea".

Lakini tuwe wakweli, hesabu hii haisemi kitu kimoja kwa kila mtu. Ukiwa kwenye simu na umewasha ile setingi ya kubana data, GB 1 inaweza kukupa takriban saa sita. Anayetazama peke yake kitandani na earphone masikioni hana haja ya kwenda popote. Shida huanza kwenye keja yenye TV, watu wanne na mtoto mmoja. TV inataka picha inayoeleweka ukiwa mbali, na wageni hawataki kuona kile kiduara kikizunguka kila dakika tano. Flashi ukiichomeka nyuma ya TV haiulizi bando. Nafikiri wachambuzi wengi walikosea hapo, maanake walidhani duka la muvi linashindana na simu, kumbe linashindana kwa ajili ya sebule.

Kisha kuna mazoea ya kununua. Mtaani tunaishi kwa kadogo. Mafuta ya kupikia ni ya kupimiwa, sukari robo, tokeni za stima za hamsini. Kumwambia mtu anayelipwa kwa siku alipe muvi za mwezi mzima mapema, na hajui kama kesho atakuwa na kibarua, ni kumwambia kitu ambacho hata kwa unga hafanyi. Wifi ya ploti nayo ni ya kuchangiana, na kuna yule jirani wa nambari sita ambaye huchelewesha mchango kila mwezi.

Wapo waliohamia Telegram, wakawa wanapata kila kitu bure kwenye chaneli. Hao walikumbuka njia ya dukani Novemba 2023, na tena Novemba 2024, wakati Telegram ilipovurugwa nchini kipindi cha KCSE kwa sababu ya hofu ya mitihani kuvuja. Msee wetu husema yeye hana shida na mitihani ya kitaifa, hata ingekuwa mara mbili kwa mwaka.

Neno lenyewe "kukodi" muvi limebaki na sisi ingawa siku hizi hakuna kinachorudishwa. Wazazi wetu ndio waliokodi. Walikuwa wanaacha kitambulisho na dipoziti, wanabeba kanda ya VHS nyumbani, na kesho yake wanairudisha ikiwa imezungushwa hadi mwanzo, la sivyo wanatozwa. Zikaja VCD, halafu zile DVD za River Road zenye filamu kumi katika diski moja, picha zimebanwa mpaka sura ya mwigizaji inafanana na uji. Majumba ya sinema nayo yakawa yanafungwa moja baada ya jingine. Mtoto wa leo akisikia Odeon au Bellevue anajua ni steji ya matatu. Hajui kwamba watu waliwahi kwenda hapo kutazama filamu.

Basi, ikiwa utaendelea kwenda dukani, na wengi wetu tutaendelea, lipi la kwenda? Mtaani kwetu nimehesabu manne kabla hujafika sokoni, na mbali na bei kuna tofauti kubwa kati yao.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni nilimpa jamaa mmoja karibu na hosteli flashi yangu aniwekee sizoni ya siriz fulani. Flashi hiyohiyo ilikuwa na projekti yangu, sura tatu nzima, na sikuwa nimeiweka mahali pengine. Ujinga, najua. Niliporudi chumbani na kuifungua, folda zote zilikuwa zimegeuka vialama vya njia ya mkato ambavyo havifunguki. Nilishikwa na kiwewe, nikaiformati. Wiki moja baadaye jamaa wa saiba akaniambia kitu ambacho bado kinaniuma: virusi vya aina ile mara nyingi havifuti faili, vinazificha tu. Kazi yangu huenda ilikuwa bado mle ndani hadi pale nilipoifuta mimi mwenyewe. Nilikosa tarehe ya kuwasilisha na nikahitimu mwaka uliofuata, wenzangu wakiwa tayari wanatafuta kazi.

Kwa hivyo kitu cha kwanza ninachoangalia dukani ni mashine, wala si orodha ya muvi. Kompyuta hiyo inachomekwa flashi za mtaa mzima kuanzia asubuhi. Ukiona jamaa anachomeka na kufungua mojamoja bila kuikagua kwanza, jua flashi yako inasalimiana na kila flashi iliyopita hapo tangu Jumatatu. Yule ninayemwendea sasa huikagua kwanza, na zikionekana folda za ajabu anakuonyesha kwenye skrini kabla ya kugusa chochote. Hilo linachukua dakika moja, na foleni inalalamika, lakini ndiyo dakika inayonifanya nirudi. Hata hivyo siku hizi nina flashi ya muvi peke yake. Haina picha za familia, haina CV, haina kitu. Ikifa, ife.

Ukifika nyumbani uangalie pia faili lenyewe. Muvi huja na mkia wa mp4, mkv au avi. Ukiona "muvi" imeishia na exe, hiyo si muvi na usiifungue kwenye laptopu ya mtu.

La pili ni kama msee anajua TV yako. Nasema hivi kwa sababu malalamiko mengi ninayoyasikia kwenye foleni si ya muvi mbaya, ni ya muvi iliyokataa kucheza. Kuna sababu mbili kubwa, na muuzaji mzuri anazijua zote. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja la zaidi ya GB 4, kwa hivyo ile muvi safi ya HD haitaingia hata kama flashi yako ni ya GB 32 na iko tupu. Pili, faili nyingi za sasa zimebanwa kwa mtindo unaoitwa x265 au HEVC ili ziwe ndogo, na TV za zamani kidogo haziuelewi. Unapata sauti bila picha, au TV inakuambia faili halitambuliki. Jamaa asiyejua haya atakwambia TV yako ni feki. Anayejua atakuuliza "TV ni gani, kiongozi?" kabla hajaanza kunakili, na akikosea atakuwekea nyingine bure ukirudi.

La tatu ni ukweli wake. Muvi mpya ikitoka, nakala ya kwanza kufika mtaani huwa ile iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema. Unaona kichwa cha mtu akipita kwenda msalani, unasikia watu wakicheka lugha usiyoijua. Muuzaji wa kukutia mbao mfukoni mwake mara moja tu atakupa hiyo na kukuambia ni "klia". Wangu aliwahi kunizuia: "Hii ni kamera, ngoja wiki mbili itakuja original." Alikosa mbao siku hiyo, na amepata mbao zangu nyingi baada ya hapo. (Mwaka huo nilimaliza pia sizoni moja ya episodi nane kumbe zilikuwa kumi, ila hilo silo la kumlaumu. Sikuhesabu.)

Halafu kuna watoto. Hapa nitakaza sauti kidogo, kwa sababu nimeona mambo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani inaipa Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini, KFCB, kazi ya kupanga filamu kwa umri. GE ni ya watu wote, PG ni mtoto na mzazi karibu, halafu 16 na 18. Duka linalonakili muvi kutoka kwenye hard disk halina kasha lenye alama hizo. Kuna folda tu. Mtoto wa miaka tisa anatumwa na mamake na ujumbe "umwambie akuwekee katuni", na msee mwenye haraka anaburuta folda nzima iliyoandikwa "animation", ambamo kuna katuni za watu wazima ambazo hata mimi nimezima nikiwa peke yangu. Duka ninalolikubali lina folda ya watoto iliyotengwa, na mwenyewe hampi mtoto kitu kisichotoka humo. Kama hujui la kwako likoje, mtume mtoto siku moja uone anarudi na nini.

Sasa tufike pale ambapo wengi hatutaki kufika. Karibu kila kitu katika maduka haya kimenakiliwa bila ruhusa ya mwenyewe.

Msee wetu ana karatasi mbili zimebandikwa ukutani, na anajivunia. Moja ni ya kaunti, ya kufanya biashara. Nyingine ni leseni ya bodi ya filamu. Nilipomuuliza kuhusu hakimiliki alinielekeza kwa kidole kwenye hiyo ya pili, kwa moyo mweupe kabisa. Lakini leseni ya KFCB inahusu kusambaza na kuonyesha filamu zilizoainishwa. Haikupi haki ya kunakili kazi ya mtu na kuiuza. Haki hiyo iko chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inayosimamiwa na bodi nyingine, KECOBO, na ruhusa yenyewe hutoka kwa mwenye filamu. Kwa hivyo kuna watu wanaolipia leseni kila mwaka wakiamini wako sawa, halafu siku ya msako mashine inabebwa na hawaelewi wamekosa nini.

Na mashine ikibebwa, inabebwa na flashi zilizo mezani. Hiyo ndiyo sababu siachi yangu dukani usiku kucha, hata msee akisema "enda tu, nitakupigia ikiwa tayari".

Je, kuna njia ya yeye kuwa halali? Hapa ndipo ninapomhurumia. Tuseme ameamka leo anataka kulipa. Ampigie nani? Kampuni kubwa za Marekani haziuzi haki za filamu kwa mtu mwenye meza moja na wateja wa mbao. Hakuna dirisha katika jumba lolote jijini ambapo ataingia na elfu mbili, atoke na ruhusa ya kunakili filamu hamsini kwa mwezi. Kuna faini na jela, lakini hakuna bei. Kwangu mimi, soko lililo na adhabu bila bei haliwezi kusafishika kwa misako pekee.

Kwa filamu zetu hapa nyumbani jambo hili lina uzito zaidi, na haliwezi kuachiwa wageni. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ilitoka 2012 na ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar katika kitengo cha lugha za kigeni. Walioitazama wanakumbuka jinsi inavyoanza: Mwas, kijana wa mashambani, anauza muvi za Marekani, na ili wateja wanunue anawaigizia vituko vyote papo hapo kwa mwili na mdomo. Yaani shujaa wa filamu yetu kubwa ni msee wa muvi. Na filamu hiyo iko kwenye hard disk ya kila msee wa muvi niliyemuuliza, kwa mbao, na hakuna shilingi inayomfikia aliyeitengeneza.

Usiniambie haiwezekani iwe vingine. Watengenezaji wa Riverwood, wale wa vichekesho vya Kikuyu vya kina Machang'i na Kihenjo, walifanya biashara yao kupitia wauzaji wa aina hiihii. Walitoa filamu kwa bajeti ndogo na haraka, wakaiweka kwenye diski na kuisambaza kutoka River Road hadi kwenye vibanda vya steji. Diski ilikuwa kitu cha kushikika. Ingeweza kubandikwa stika ya KECOBO ya kuonyesha ni halali, ingeweza kuhesabiwa, na aliyeuza mia alijulikana ameuza mia. Flashi ikaja ikavunja hesabu hiyo. Huwezi kubandika stika kwenye faili, na hakuna anayejua filamu moja imenakiliwa mara ngapi kati ya Ijumaa na Jumapili.

DJ Afro naye anaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Mtu huyu huchukua filamu ya Kichina au ya Kihindi na kuisimulia upya kwa Kiswahili cha mtaani, anawapa mashujaa majina mapya na kuongeza utani ambao mwandishi wa filamu hakuuota. Waganda wana VJ wao, Watanzania walikuwa na Lufufu. Kuna watu kwenye foleni yetu wasiotazama kitu kingine, na huwezi kuwaambia wahamie Netflix kwa sababu wanachokitaka hakiko huko. Filamu si yake, usimulizi ni wake, na usimulizi wenyewe unanakiliwa bila ruhusa kama filamu. Sijui jaji angeanzia wapi.

Mimi mwenyewe nimejiwekea mipaka, na sidai ni ya utakatifu. Filamu ya Mkenya siwekewi kwa flashi tena. Nikiikuta kwa njia ya kulipia, nalipia, na nyingine wenyewe wameziweka YouTube ambako kila anayetazama anahesabiwa. Siriz za nje bado nazifuata dukani ninapokuwa sina bando, na najua ninachofanya. Rafiki yangu anayefanya kazi ya kamera kwenye seti za filamu anasema hiyo ni sawa na kuiba kwa jirani wa mbali badala ya wa karibu. Tumebishana hadi chai ikapoa na bado hatujamaliza.

Ijumaa iliyopita nilifika dukani nikakuta nusu ya meza imehamishwa. Msee ameweka TV mbili na PlayStation, vijana wanacheza FIFA kwa mchezo, kelele tupu. Anasema mbao za muvi zimepungua, na wifi za ploti zinazidi kuongezeka kila mwezi. Hard disk bado anazo, lakini sasa ziko chini ya meza.

Nilisubiri foleni iishe ndipo nikamuuliza lile swali. Kama Gitonga angekuja hapa leo, angekubali kumgawia ile mbao?

Hakufikiria sana. "Aje na paybill yake, nitaibandika hapo ukutani karibu na leseni. Mteja alipe kumi kwake, kumi kwangu. Lakini hajawahi kuja."